Pembe ya Pakhrya Haijapakwa Rangi

Karanjewadi,
Wilaya ya Satara,
Maharashtra.

29 Agosti 2022 kwa hesabu ya serikali. Kwa hesabu ya nyumba hii, siku ya pili ya mwezi wa Bhadrapada.

Mpendwa mwanangu Ketaki,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko Melbourne? Mumeo Niranjan hajambo? Na mwanao Ira, lile jino lililokuwa likimsumbua limeng'oka? Mwambie asilitupe ovyo. Baba mdogo wa mama yake, yaani mimi, alipokuwa na umri huo aling'oa jino lake kwa kulifunga kwenye mkia wa nyati, na hakulia.

Sisi huku tu wazima. Mvua imetosha, soya za watu ziko kiunoni na zangu ziko kifuani, wanatoka vijiji vya mbali kuja kuziangalia. Goti langu bado linauma, lakini wiki iliyopita nilimtoa mtaroni ndama aliyetumbukia, kwa mkono mmoja, mwingine nimeshika mwavuli. Mama yako mdogo Shakuntala anasema alikuwa mbuzi. Mama yako mdogo hakuwepo.

Bibi yako Sonabai, mama yangu, anakula vizuri, ila macho yamepungua na mkono wa kulia unatetemeka. Nitafika kwake.

Baada ya salamu, mwanangu, nikwambie kwamba nimekasirika. Nimekasirika tangu mwezi wa sita na mpaka leo chakula hakishuki sawasawa. Nimechukua kalamu kwa sababu kwenye simu ungenijibu kwa kile kikatuni cha uso unaolia, na mambo yangeishia hapo. Niliishia darasa la saba, mwalimu mwenyewe alikiri kwamba nimeshamaliza yote aliyokuwa nayo, kwa hiyo barua naiweza. Hasira yangu ina wenyewe wawili. Mmoja ni Abhijit, mtoto wa mzee Nalawade, yule muuza saruji na vigae. Wa pili ni wewe.

Nianze na Abhijit. Mwaka huu nchi nzima ina wazimu wa kumbukumbu. Uhuru umetimiza miaka sabini na mitano, na ule mwito wa kuwafukuza Waingereza umetimiza themanini. Shuleni wamepaka ukuta mzima majina na tarehe: huyu alizaliwa lini, yule alinyongwa lini, wapi palipigwa vita gani. Watoto wanakariri. Mimi sina neno. Nazijua zote, hata mwalimu mkuu akikwama hunitumia mtu. Lakini Abhijit akajifanya mwenyekiti wa kamati ya maadhimisho, akaja hapa barazani mwezi wa sita na simu yake, akasema siku ya Babu Rangnath mwaka huu itafanyika tarehe tisa Agosti, kwa sababu ndiyo siku ya taifa na ndiyo siku waziri ana nafasi.

Nikamwambia, tarehe tisa ni ya Bombay. Moto uliwashwa kule, ukaja huku kwa miguu, ukachukua mwezi mzima kutufikia. Sisi siku yetu ni Pola, sikukuu ya maksai, giza la mwisho wa mwezi wa Shravan. Inasogea kila mwaka kwa sababu mwezi unasogea. Akacheka. Akaniambia, "Baba Bhagwat, waziri hana kalenda ya maksai."

Nikamuuliza, mfalme wetu Maharaja Shivaji tunamsherehekea mara ngapi kwa mwaka? Mara mbili, moja kwa tarehe na nyingine kwa mwezi, na hakuna farasi wake aliyelalamika. Akasema huyo ni Shivaji. Mwanangu, kama si mama yako mdogo kunishika shati, leo ningekuandikia kutoka jela.

Habari ya babu yako mkuu unaijua, lakini naiandika tena kwa sababu naona kule baridi imekusahaulisha. Siku ya Pola ya mwaka 1942, Babu Rangnath alikuwa hapa uani akiwapaka maksai rangi za pembe. Alikuwa amemaliza pembe moja ya mmoja wao. Maandamano yakapita njiani kwenda ofisi ya tarafa kupandisha bendera. Akaiweka brashi juu ya kopo, akamwambia bintiye Sonabai, wa miaka sita, asiiguse, anarudi kumalizia. Ilichukua risasi saba za polisi wa Waingereza kumwangusha, na bendera hakuiachia mpaka walipomfungua vidole kwa nondo. Bibi yako husema risasi ilikuwa moja. Alikuwa mtoto, na hakuwepo pale. Walimrudisha juu ya mkokoteni wa mtu, wakamshusha kidogo pale mwanzo wa kijiji kupumzika, na hapo ndipo nguzo yake ya kumbukumbu iliposimamishwa.

Tangu hapo, siku ya Pola, sisi hupaka pembe moja tu nyumbani. Ya pili hupakwa na Bibi Sonabai pale kwenye nguzo, baada ya kuivika koja la maua. Na hakuna maksai wa mtu yeyote anayepita hapo kabla hajamaliza. Hata miaka ile tuliyokuwa hatusemezani na akina Nalawade, maksai wao walisubiri. Wewe mwenyewe ulimshikia kopo ukiwa na gauni la shule, ukajipaka rangi puani, ukakataa kuoga.

Basi tarehe tisa wakafanya. Waziri alichelewa, akaivika nguzo koja, akapigwa picha, akahutubia habari za barabara. Bibi Sonabai, binti wa marehemu, walimkalisha kiti cha plastiki nyuma kabisa karibu na jenereta. Nikasimama. Nikasema yaliyokuwa moyoni bila kipaza sauti na watu wa ng'ambo ya mto wakanisikia. Askari sita wakaja kunitoa, na wawili kati yao walikuwa wamenishika tu ili wasianguke. Njia nzima bibi yako alikuwa akijifuta moshi wa jenereta machoni.

Sikujua bado jambo lenyewe. Kwa ajili ya waziri walikuwa wameizungushia nguzo uzio wa chuma wenye geti, ndani wametandaza vigae vyeupe kama vya zahanati, na wageni walipoondoka Abhijit akatia kufuli. Pale getini wamebandika jiwe jeusi lenye herufi za dhahabu. Nikasoma. Matengenezo haya ni kwa hisani ya Ketaki Yewale wa Melbourne.

Nilisoma mara ya pili. Nikaenda kumleta mama yako mdogo anisomee naye.

Ketaki, hapa ndipo ninapokasirika na wewe, na sitapunguza. Najua hukujua. Najua alikuandikia kwamba nguzo inabomoka, na wewe una moyo. Lakini pesa ulimtumia muuza vigae, na swali hukumtumia baba yako mdogo. Nguzo haikuwa ikibomoka. Naipaka chokaa kila mwaka kwa mikono hii, na ikitikisika nitajua kabla ya ndege anayeikalia. Una mdomo, una simu, ungeniuliza tu. Miaka tisa hujakanyaga hapa, kila mwaka kuna mtihani, kuna mimba, kuna nyumba mpya, kuna ugonjwa wa dunia nzima. Miguu haikufika, jina ndilo limefika, na limefika likiwa upande wa kufuli. Bibi yako sikumwambia. Nilisema nitakula hasira hii peke yangu.

Ijumaa ikawa Pola. Maksai wetu sasa ni wawili, Dhavlya yule mweupe na Pakhrya mwenye madoa, na hakuna jozi kama hiyo kutoka hapa mpaka Kolhapur. Nikawaogesha mtoni, nikawavika shela na njuga, nikawapaka kila mmoja pembe moja nyekundu. Bibi Sonabai alikuwa ameshona koja lake tangu alfajiri, kwa kupapasa. Nilimwambia kuna uzio. Akaniuliza kama uzio hauna mlango.

Tulipofika geti lilikuwa limefungwa. Nyuma yetu maksai wote wa kijiji wakajipanga, na matrekta pia, maana siku hizi wasio na maksai huvika trekta maua. Basi la Satara likaja likakwama, dereva akashuka akanunua karanga, akakaa. Hakuna aliyepita. Mwanangu, ningeweza kuung'oa ule uzio. Nilishaushika, na nguzo mbili za chuma zilikuwa zimeanza kulegea. Bibi yako akanigonga mgongoni kwa fimbo yake akaniambia niache kutikisa chuma cha watu.

Abhijit akaletwa kwa pikipiki. Akaanza kwa upole, akamwita bibi, akamwinamia miguuni. Akasema maksai watachafua vigae, watavipasua kwa kwato, na hata hivyo kumbukumbu ya mzee imeshafanyika, tena kwa heshima kubwa, waziri mzima alimvika koja tarehe tisa.

Bibi Sonabai alikuwa amekaa chini, koja mapajani. Akasema, "Tarehe tisa baba yangu alikuwa hai."

Akaendelea taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Alikuwa akipalilia karanga. Mimi nilikuwa begani kwake. Mlimvika koja mtu mzima, mwenye afya yake."

Unajua sisi koja la kwenye picha au nguzo ni la marehemu. Hakuna anayeivika picha ya mtu anayepumua, hata kwa mzaha. Nikaona wanawake waliokuwa karibu wakijifunika vichwa. Dereva wa basi akaacha kutafuna.

Abhijit akageuka huku na huku, akakosa pa kushika, akashika jiwe. Akasema, "Bibi, hata mjukuu wenu mwenyewe ametoa. Jina lake hili hapa. Ketaki."

Nilimwendea. Nilikuwa nimeshachagua jino gani. Lakini bibi yako akainua mkono, akaomba aletwe karibu na jiwe. Akalipapasa, herufi moja moja, yeye ambaye hajui kusoma hata jina lake. Kisha akamwambia, "Mjukuu wangu ametoa vigae. Kufuli umetoa wewe."

Ndipo mzee Nalawade, babake Abhijit, alipotoka kwenye mstari. Maksai wake walikuwa wa tatu. Alimfuata mwanawe, akanyoosha kiganja, akabaki amekinyoosha hivyo hivyo mbele ya kijiji kizima mpaka ufunguo ulipowekwa juu yake.

Tukaingia. Bibi akaivika nguzo koja. Pakhrya, ambaye tangu asubuhi alikula mikate mitamu ya dengu na sukari guru mingi kuliko kawaida, akainua mkia na kuvibariki vile vigae vyeupe mpaka samadi ikarukia jiwe na jina lako. Sikufagia. Watu walitaka kuleta maji, nikawakataza. Likauke, nilisema, mwenyewe atakuja kulisafisha.

Bibi Sonabai akampaka Dhavlya pembe ya pili. Rangi nyingine ikaingia sikioni, lakini akamaliza. Akaigusisha brashi kwenye pembe ya Pakhrya, akaiondoa. Nikadhani amechoka, nikataka kumshikia mkono. Akakataa. Akaiweka brashi juu ya kopo, akaniambia, "Hii mwachie Ketaki. Asije mwingine akaigusa."

Nikamwambia Ketaki yuko mbali. Akasema mbali ni kule alikokwenda baba yake yeye.

Basi ndivyo tulivyo. Pakhrya anazunguka kijijini na pembe moja nyekundu na moja tupu, watoto wanamcheka, Abhijit akipita anageuza uso. Jirani alikuja jana na rangi yake mwenyewe, kwa nia njema, nikamfukuza mpaka kwenye mpaka wa shamba, na goti hili hili. Geti liko wazi. Kufuli ninalo mimi, nalitumia kuzuia mlango wa stoo usipigwe na upepo. Ule uzio bado upo na nitaung'oa, lakini nimeambiwa nikusubiri, kwa sababu jina ni lako na amri itoke kwako.

Sasa sitaki pesa. Usitume kitu, nitakirudisha. Usiniulize tiketi inauzwaje wala Pola ijayo ni tarehe ngapi. Toka nje usiku uuangalie mwezi, huko nako si wanao? Bibi yako ana miaka themanini na sita na kila asubuhi anauliza kama Pakhrya ameshiba. Mimi naelewa anachouliza, na wewe uelewe.

Nisalimie Niranjan, mwambie sina ugomvi naye, bado. Wasalimie wakwe zako wa Pune ukiongea nao, na mbusu Ira kwa niaba yetu. Mama yako mdogo Shakuntala anakusalimu na anasema nimekuwa mkali mno. Binamu yako Digambar anasalimu pia. Mungu wetu Ganpati, mwondoa vikwazo, anaingia nyumbani Jumatano kwa sikukuu yake. Nitamwomba akulinde wewe na nyumba yako, akuondolee vikwazo, na nitamtajia vikwazo vyenyewe kimoja kimoja.

Kopo liko juu ya kabati la Bibi, rangi ni ile ile nyekundu. Kifuniko chake hakifungi vizuri. Inaanza kukauka pembeni.

Ni mimi nikupendaye na niliyekukasirikia,
Baba yako mdogo,
Bhagwat Yewale