Omena ya Ini la Ouma

Mama,

Ile omena uliyonifungia nimeila mimi, visamaki vyote, nje ya maabara, jua la Kisumu likinichoma utosi. Ulisema mgonjwa haendewi mikono mitupu, hata kama kilichobaki cha Ouma ni ini tu. Lakini ini hili halili omena. Damu aliyowapa watafiti kabla hajafa waliirudisha nyuma ikawa seli changa, wakazilea mpaka zikawa seli za ini. Zinakaa kwenye kisahani cha plastiki, ndani ya kabati lenye joto kama la mwili. Kwa hadubini nimeziona zimebanana kama punje za mahindi kwenye gunzi.

"Inaugua vile ndugu yako aliugua," daktari akaniambia. "Kila asubuhi tunaipatia dawa, tuone kama itapona."

Nikamuuliza, "Na yeye mbona hamkumpatia?"

"Dada, hii dawa bado haijaruhusiwa kwa watu."

Ouma alikuwa mtu, basi akafa.

Mama, ule ushibe, na mvua isikukute shambani. Ukienda kufagia kaburi la mwanao, usimwambie kwamba ini lake linapewa dawa.

Binti yako,
Akinyi