Risasi Zetu za Mpanda

Jumatatu, 4 Juni 1951
Nimepakia magunia ishirini ya chumvi peke yangu. Sawa, kumi na mawili. Manane alibeba Mjomba. Reli inatuletea chumvi na nguo hapa Mpanda, sisi tunazipeleka Karema ziwani, tunarudi na samaki wakavu wa kulisha wachimbaji wa mgodini. Mjomba dereva, mimi utingo. Bila mimi mgodi ungekula mawe! Samaki wafike Jumamosi kabla ya saa sita mchana. Wakikosekana, kazi anapewa yule dereva wa Majengo mwenye lori jipya. Letu ni la jeshi, la wakati wa vita, limechoka.

Jumanne, 5 Juni
Karema. Vijana wakaniuliza Mpanda kuna nini hata reli ifike. Nikapanda juu ya magunia. "Tunachimba risasi! Treni nzima inajaa risasi, zinakwenda Ulaya!" Wakarudi nyuma wote. Wameniogopa. Nimelala kama chifu.

Jumatano, 6 Juni
Hakuna samaki. Vichanja vya kuanikia jana vilijaa, leo vitupu. Mama Tekla, anayekusanya samaki wa wanawake wote, kafunga mlango. Mjomba kaniuliza kulikoni. Nikasema watu wa ziwa wana vichwa vigumu.
Jioni kijana mmoja kanipasulia ukweli. "Nyie mnachimba risasi, basi vita vinarudi. Vile vya juzi vilichukua samaki wetu, vikachukua na kaka zetu."
Kumbe! Kwetu risasi ni yale madini ya mgodini. Wao wamesikia za bunduki. Mtoto wa Mama Tekla alikwenda Burma, ikarudi barua tu. Sasa kaficha samaki, na mjukuu pia, asichukuliwe.
Mdomo wangu huu.

Alhamisi, 7 Juni
Nimemwambia Mjomba ukweli. Kofi. Halafu akakata kichwa cha risasi cha betri mbovu, akanipa. "Nenda kamwonyeshe Mama Tekla."
Nimepiga hodi mara nne.
"Mama, risasi yetu ndiyo hii. Madini tu. Ya betri, ya mabomba."
Mama Tekla akaikwaruza kwa ukucha. Laini.
"Na ya bunduki je? Si hii hii?"
Mimi bingwa wa maneno. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mtamu kabisa.
"Hata ya bunduki, mama. Hii hii."
Kanitazama mpaka nikaona haya.
"Waambie wenzangu hivyo hivyo, usipunguze. Anayetaka kuuza auze. Mimi siuzi."
Nimezunguka nyumba kwa nyumba. Nilisema yale yale kila mlango. Sauti imekauka.

Jumamosi, 9 Juni
Tumefika Mpanda saa nne asubuhi, tukiwa na nusu ya mzigo tu. Mgodi umepokea. Nusu ya kazi imebaki kwetu, nusu kapewa wa Majengo. Mjomba hajasema neno tangu Karema. Maili zote zile! Afadhali angenitukana.

Jumapili, 10 Juni
Mgodi kimya leo. Nimeosha lori. Magamba yamegandia kwenye mbao, nimeyatoa kwa kisu.
Mjomba alikuja baada ya misa, akakagua matairi.
"Kesho tunapakia tena. Mama Tekla mpelekee gunia lake la chumvi, hata kama hatuuzii samaki."
Nikajibu, "Ndiyo, Mjomba."
Sikuongeza kitu.