Kilichoshonwa Ndani ya Mkoba

Mume wangu,

Mimi mzima. Bado tunalisikiliza lile shimo jeusi ulilosema halina faida kwa mtu. Limejifunika gesi nzito na mwanga haupenyi, ila mawimbi ya redio yanapita, ndiyo maana tunaiona mikondo inayofyatuka kando yake.

Niliporudi huku wiki iliyopita, kikazuka kimlio kwenye vipimo, kila baada ya dakika kumi kamili. Shimo halina saa ya ukutani. Na kwa kuwa simu zote tunaziacha getini zisitibue vipimo, nikajua kuna mtu anatudanganya. Nikamshuku mpishi, maana hakupenda kunitazama usoni. Nilimpekua mbele ya wenzake. Mfukoni alikuwa na kitunguu saumu tu.

"Mkuki kwa nguruwe, dada?" akaniambia. "Lete na mkoba wako."

Nikauleta huku nacheka, ule ulioninunulia siku ya kuondoka. Kipokezi cha mkononi cha kunasa mawimbi kikalia. Nikafumua bitana, nikakuta kidude chenye laini ya simu, kimeshonewa kwa uzi mwekundu. Mshono wako naujua. Vifungo vya mashati yako unashona mwenyewe.

Kumbe kila ulipouliza, "Ulikuwa wapi?" jibu ulikuwa nalo.

Mpishi nimemwomba radhi, kanisamehe. Kidude nakirudisha kwa posta, sijakizima. Kifuatilie kikija mpaka mlangoni kwako.

Mimi usinitazamie.

Uliyekuwa ukimfuata,
mkeo wa jana