Mstari Ulio Juu Yangu

Leeds, Jumapili

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe na Baba. Natumaini goti lako limetulia na baridi ya huko haijakufungia ndani. Mimi ni mzima wa mwili. Kazi ni ile ile ya kuwaogesha na kuwavalisha wazee wa watu wengine. Kuna mmoja ambaye kila asubuhi huniuliza kama mama yangu yuko hai. Namjibu yuko, yuko Nyeri, anajiandaa kufunga ndoa kanisani na mzee aliyeishi naye miaka yote. Huwa anacheka, nami nacheka naye. Wiki hii sikucheka.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu simu yako hushikwa na kila mtu hapo nyumbani. Rafiki yangu wa Kutus anasafiri, na nimemwambia aiweke barua hii mkononi mwako. Isome ukiwa peke yako, kisha umsomee Baba.

Ulinituma nikutafutie ubatizo wako, maana karani wa parokia alisema hawezi kuupata bila namba ya kitabu. Nikakueleza kwamba rejista za zamani zimepigwa picha, na watu wa kujitolea wameandika majina yote kwenye kompyuta, ukitafuta jina linakuja. Ulifurahi. Ukaniambia, "Wewe angaria tu hiyo namba yangu, Wangari. Hizo zingine usisumbuke nazo." Nilidhani unanihurumia uchovu.

Namba yako nimeipata, iko kwenye kikaratasi ndani ya bahasha hii. Lakini hukujua orodha ile inavyofanya kazi, Mama. Haikuletei mtu pale tu alipobatizwa. Inakuletea kila mahali alipotajwa, kama mtoto, kama msimamizi wa ubatizo, kama mzazi. Pale ulipotajwa kama mzazi, mistari ilikuwa sita. Sisi tuko watano.

Kwanza nilisema ni Wambui mwingine. Majina yetu yanarudi kila kizazi, na mtu anaweza kumshika bibi wa wenyewe akidhani ni wake. Nikalinganisha jina la Baba, majina ya babu wote wawili, kijiji. Ni nyinyi. Mstari ulio juu yangu, miaka mitatu kabla sijazaliwa, ni wa msichana. Anaitwa Nyawira.

Nyawira, jina la mama yake Baba. Unajua nilivyokua na swali hilo. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, wa pili ndiye hupewa la mama ya mama. Mimi, wa kwanza, nikaitwa Wangari kama mama yako. Shuleni walinitania kwamba mama yangu alikataa kumzaa mama mkwe wake, kumpa mtoto jina lake. Nilipokuuliza, nikiwa darasa la tatu, ulisema cucu mwenyewe, mama yake Baba, ndiye hakutaka nipewe jina lake. Nilikuamini, nikamchukia yule mzee. Nilikuwa namwaga uji nikiambiwa nimpelekee. Alipougua sikumshika mkono, na siku ya kumzika sikulia. Kumbe hakunikataa. Jina lake lilikuwa tayari na mtu, tena mtu aliyekuwa hai.

Nyawira wa Kangari. Yule tuliyeambiwa ni binamu, mtoto wa Tata Muthoni, dada ya Baba ambaye hakuolewa na alifanya kazi kiwanda cha chai. Kila Desemba alikuja na majani ya chai kwenye mfuko wa khaki, tukalala naye kitanda kimoja, na wewe ukampa sufuria asugue kama mgeni aliyezidisha siku. Nilimpenda kuliko wote niliozaliwa nao. Ndivyo nilivyokuwa nikisema, kuliko wote niliozaliwa nao, na wewe ukisikia.

Nakisia mlimpa Tata kwa sababu hakuwa na mtoto, na nyinyi mlikuwa vijana, mngezaa wengine. Kwa hilo singewalaumu sana. Watu wamepeana watoto kwa huruma, na Tata alimlea vizuri. Ninalolalamikia ni la mwaka juzi. Nyawira alipokufa na saratani, nilikupigia nikiwa nimeshaomba ruhusa kazini, nikakwambia nakuja kumzika. Ukanijibu, "Hiyo ni matanga ya kina Tata. Wewe uko na kazi huko, kaa. Huyo ni binamu tu." Nikakaa. Saa walizokuwa wakimfukia mimi nilikuwa nakunja mashuka ya wazungu. Nilimkosa dada yangu kwa neno lako, na uchungu huo sijui niupeleke wapi.

Na bado. Pembeni mwa ubatizo wake pameandikwa kwamba alifunga ndoa, Kangari. Kasisi hafungishi ndoa bila barua ya ubatizo, wewe mwenyewe ndiyo inayokusumbua sasa. Kwa hiyo Nyawira alikuja hadi parokia yetu kuichukua, na kwenye barua hiyo majina ya wazazi huandikwa. Aliyasoma kabla hajavaa shela. Siku ya harusi mlikaa pembeni, mjomba na mkewe, akaja kuwasalimia kama wageni wengine.

Alipozaa binti wa pili, sote tulingoja aitwe Muthoni. Akamwita Wambui. Tata alinuna miezi, na wewe ukanipigia ukicheka, ukisema, "Huyo Nyawira ananipenda tu bure." Hapakuwa na bure hapo, Mama. Alikuwa anakwambia kwamba anajua. Alikuletea mtoto mwenye jina lako, akamweka mapajani mwako, akangoja useme neno. Alingoja miaka tisa.

Nimeiona picha ya fomu ya ndoa uliyonitumia. Mahali pa watoto kwa mfuatano wa kuzaliwa, umeniandika mimi wa kwanza. Futa. Anza na Nyawira, hata kama mbele yake utaandika marehemu. Kisha nendeni Kangari, wewe na Baba, mkamwambie yule Wambui mdogo nyanya yake ni nani, mbele ya Tata, kwa vinywa vyenu. Msitume mtu. Mkifanya hivyo nitakuja, nitasimama nanyi altareni. Msipofanya, fungeni ndoa bila mimi, na watu wakiuliza, waambieni niko na kazi.

Nisalimie kaka Githinji na mkewe anayekupikia, na kitinda mimba wetu aliye chuoni Murang'a. Sijawaambia chochote. Hilo ni lenu. Baba msomee yote, kama nilivyosema.

Naomba Mungu akupe afya, Mama. Hata leo naomba hivyo.

Mtoto wako wa pili,
Wangari