Shairi Nililomsomea Mwalimu Marselino

Shakur, nimesikia filimbi kabla sijaona kitu. Ile ya Mwalimu Marselino, aliyotoka nayo jeshi la majini, aliyokuwa akituitia darasani mimi na wewe.

Nikakimbilia machimboni. Duara la kina Yasini, shimo lao la kuchimbia dhahabu, limejaa maji ya mvua, vijana watatu wamo chini.

Mwalimu kavua shati, kajifunga kamba. Ana miaka sitini na nne, Shakur! Kazama.

Na kosa ni langu. Jana mkutanoni, yeye kama mwenyekiti wa kijiji, alisema, "Mvua ikinyesha, hakuna kushuka duarani." Mimi nikasimama na shairi. Nikamwita baharia anayeogopa tope. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yasini akaniambia, "Umemmaliza mzee!" Leo asubuhi Yasini akashuka na wenzake wawili.

Baharia anayeogopa tope. Nilitunga mimi hilo!

Katoa wawili wazima. Mara ya tatu tumemvuta yeye mwenyewe, anatapika maji. Kanishika mkono: "Muhidini, vina vyako vilikuwa vizuri. Ila Yasini sijamfikia."

Sijamfikia. Bora angenitukana.

Kapelekwa hospitali Kahama, hali yake mbaya. Pampu inavuta maji, Yasini bado yumo. Mama yake kakaa ukingoni, anamuuliza kila mtu, "Nani kamwambia mwanangu ashuke?" 

Nimepiga magoti mbele yake. Nimesema kwa sauti, wote wasikie: "Ni mimi, Mama Yasini. Mkutano ukiitwa, nitasimama palepale niliposoma shairi, nikiri mbele ya kijiji kizima."