Jiwe la Mtoni

Kijiji cha Machimboni,
Kasulu.
14 Julai 1973

Mpendwa Kaka Bazilio,

Pokea salamu zetu. Je, kifua kimepoa? Mkonge bado unakuchoma mikono? Sisi tu wazima, ila mwanao Sylvesta ameumia jicho la kulia. Nakuandikia kabla watu wanaorudi Korogwe hawajakufikishia uvumi kwamba amekufa. Yu hai.

Aliumia siku ya maonyesho ya Sabasaba. Maharage ya jirani yetu Kezia yalipata zawadi. Mkungu wetu wa ndizi haukutazamwa hata na mbuzi. Kisha tukasogea kwenye shindano la mawe. Unalijua: kila mchimbaji huchoma jiwe lake kwa moto, hulimwagia maji, ndipo hupiga nyundo. Anayepata bamba lililonyooka ndiye mshindi.

Safari hii Sylvesta aliacha mawe ya mlimani, akaokota la mtoni kwa kupenda ulaini wake. Alilianika juani akidhani limekauka hadi ndani. Mkewe Esteri alimwambia hata mafiga hatuokoti mtoni, hupasuka. Akacheka.

Hilali mwenye duka akapaza sauti: "Bwana Sylvesta, jiwe umeliogesha, na mafuta umelipaka?"

"Ngoja uone, Mswahili wewe!"

Lilipasuka motoni kabla hajashika maji. Kipande kikamwingia jichoni. Lori lililoleta wageni ndilo lililompeleka hospitali. Mganga alilifunga jicho, akasema tusubiri. Hofu yetu ni kazi: msimamizi wa machimbo hampi nyundo mtu wa jicho moja, na Esteri ni mjamzito.

Bandeji imefunguliwa leo asubuhi. Mganga aliinua mkono. Sylvesta aliona mwanga na kivuli, vidole hakuviona. Mganga hatuahidi zaidi ya hapo. Msimamizi nimemwona njiani, akainamisha kichwa, akapita.

Sylvesta amenituma: "Shangazi, mwambie baba asivunje mkataba. Akija sasa tutakuwa wawili bila kazi." Nakuomba umsikilize.

Niliporudi kutoka hospitali nilimkuta Esteri amejitwika kipande kikubwa kilichobaki cha lile jiwe la Sylvesta. Tulitaka kumpokea, akakataa. Alikibeba mwenyewe, na tumbo lile, mpaka mtoni, akakitumbukiza.

Wasalimie wenzako wa mkongeni, Kipriani na Pasikali. Mungu ailinde mikono yako, nasi atuachie mwanga huo kidogo.

Dada yako akukumbukaye kila siku,
Winifrida