Ndege Yako Yenye Mlango Mkiani

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii, ila siwezi kuanza bila hiyo.

Hukuwa muongo. Nimeanza na hilo nisije nikalisahau.

Siku ya kukuzika, mtani wetu Chande alivaa kofia yako, akatanua mikono, akazunguka uani anaiga sauti yako: "Mimi jeshini nilipakia ndege, mlango wake uko mkiani. Asubuhi inabeba unga, mchana wagonjwa, jioni inataga magunia angani." Akachuchumaa kama kuku. Msiba mzima ukacheka. Mtani hakasirikiwi, najua. Lakini na mimi nilicheka, Baba. Hiyo ndiyo inayoniuma.

Mvua zikaja. Kijiji cha Njinjo kikazama, barabara ikakatika. Ndege ya jeshi ikatua uwanja wa hapa kwetu Masoko, tukaitwa vijana tukashushe mizigo. Mkia ukafunguka, ukalala chini kama ubao wa nyuma wa lori. Nikaganda. Mwanajeshi mmoja akaniuliza, "Vipi dogo, umeona jini?" Nilikuwa nakuona wewe.

Tukatoa unga, mahema, mpaka boti. Halafu wakakunjua viti ukutani, wakasimika nguzo, wakafunga machela moja juu ya nyingine. Vilevile ulivyokuwa unasema. Unga haujaisha kufutwa sakafuni, ghala limeshakuwa wodi. Kwenye machela ya kwanza akalazwa Mwanahawa, mke wa Chande, siku ya pili ana uchungu, mtoto hatoki. Chande kashika huku, mimi kule, tukampandisha kwa mlango wa mkiani. Hakuniangalia usoni.

Wamerudi wazima kutoka hospitali, mama na mtoto.

Jana tumekusomea arobaini. Unanijua, mbele za watu ulimi wangu unakufa. Nikasimama hivyo hivyo. Nikasema, "Baba yangu hakuongopa. Tuliomcheka tumekosa, na mimi nimo." Chande akakohoa. "Basi hata ahera kaingilia mkiani." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, safari hii haikuuma, maana macho ya Chande yalikuwa yamelowa.

Lala salama, Baba. Kofia yako naivaa mimi. Chande akiitaka tena, aje anivue kichwani. Mtoto wake akikua nitamwambia mwenyewe alipandia wapi kabla hajazaliwa. Na atakayekuita muongo nitasimama tena, hata ulimi ukinifia.

Mwanao,
Hamisi